Nafasi ya nne inauma kuliko ya nane: hoki ya wanawake na njia ya kwenda Paris

Ijumaa moja ya Januari 2024 nilikuwa kazini, simu nimeiegemeza kwenye jagi la maji, naangalia hoki ya wanawake, India na Japani. Jamaa ninayekaa naye meza moja akachungulia akaniuliza, "Hiyo fainali?" Nikamwambia hapana, ni ya kutafuta mshindi wa tatu. Akacheka sana. Yaani mtu mzima na akili zangu najificha bosi asinione kwa ajili ya mechi ya mshindi wa tatu, mechi ambayo kwenye soka huwa wachezaji wenyewe wanaicheza roho zao zilishapanda ndege jana yake. Dakika zikaisha, India 0 Japani 1, wadada wa India wanalia pale uwanjani, na yule jamaa akatoa kauli ambayo mpaka leo inaniwasha: "Sasa wanalia nini, si wamekuwa wa nne kati ya timu nane, sio mbaya."

Ni mbaya kaka. Kwenye yale mashindano hakuna nafasi mbaya kama ya nne, bora hata uwe wa nane, utakuwa umeshajikatia tamaa mapema ukawahi kufungasha. Na ukielewa kwa nini ni mbaya basi umeshaelewa karibu kila kitu kuhusu namna timu za hoki zinavyofuzu Olimpiki, habari ambayo ina mafundo mengi kweli, nitayafungua moja moja na nikipotea njiani mnivumilie.

Tuanze na hesabu maana bila hesabu hakuna kinachoeleweka. Hoki ya wanawake kwenye Olimpiki ya Paris 2024 ilikuwa na timu 12 tu. Dunia nzima, 12. Ya kwanza ni mwenyeji, Ufaransa, hawa wanaingia bure kwa sababu nyumba ni yao, hata kama kwa uwezo hawakuwa karibu na kumi bora ya dunia. Zinabaki 11. Tano kati ya hizo wanapewa mabingwa wa mabara, kila bara bingwa mmoja, basi. Kwa hiyo Uholanzi wakaingia kwa kubeba ubingwa wa Ulaya 2023 pale Mönchengladbach, China wakaingia kwa dhahabu ya Michezo ya Asia kule Hangzhou, Argentina kwa dhahabu ya michezo ya nchi za Amerika kule Santiago, Australia kwa kuwafunga jirani zao New Zealand kwenye kombe la Oceania, na Afrika Kusini kwa kushinda mashindano ya kufuzu ya Afrika yaliyochezwa Pretoria. Mwenyeji 1, mabingwa 5, jumla 6.

Nusu ya meli imeshajaa na bado hatujamuona Mjerumani, hatujamuona Mbelgiji, Mhispania, Muingereza, Mhindi, Mjapani, Mmarekani wala Mkorea. Hao wote wamebaki bandarini wanagombania viti 6.

Hapo ndo yanapoingia haya mashindano ninayoyazungumzia. Shirikisho la hoki la dunia, FIH, lilichukua timu 16 likazigawa mafungu mawili ya timu nane nane. Fungu moja likaenda Valencia, Uhispania, lingine likaenda Ranchi, India, yote mwezi huohuo wa Januari 2024. Kila fungu tiketi 3. Timu nane, wiki moja, watatu wanaenda Paris, watano wanarudi kusubiri miaka minne mingine. Miaka minne kwa mchezaji wa miaka 30 sio kusubiri, ni kustaafu.

Ranchi yenyewe ilipatikana kwa bahati. Awali lile fungu lilipangiwa Changzhou, China. Sasa Wachina walivyoifunga Korea Kusini 2-0 kwenye fainali ya Hangzhou mwezi Oktoba 2023 wakawa wameshafuzu, na nani anakubali kubeba gharama za mashindano ya kufuzu wakati yeye alishafuzu? Mashindano yakahamia India. Na India hawa ndo haohao waliopigwa 4-0 na China kwenye nusu fainali ya Hangzhou na kuondoka na shaba. Angalia mambo yanavyofuatana: kichapo kimewanyima tiketi ya moja kwa moja, halafu kichapo hichohicho kikawaletea mashindano nyumbani kwao. Wengi, na mimi nikiwemo, tukasema basi hawa wamepona, watacheza kwao, mashabiki wao, joto lao. Mwaka 2021 kwenye Olimpiki ya Tokyo si walikuwa wa nne? Waliwatoa Australia 1-0 robo fainali, dunia ikashangaa, wakaja kukosa shaba kwa kufungwa 4-3 na Uingereza.

Nne tena. Hawa wadada na hii namba sijui wana kesi gani.

Ranchi ni mji mkuu wa jimbo la Jharkhand, mashariki mwa India, na kama kuna mahali wanawake wanapenda hoki kutoka moyoni ni pale na wilaya ya jirani ya Simdega. Vijijini huko watoto wanaanza na fimbo za mianzi, na kuna mashindano ya vijiji ambayo zawadi ya bingwa ni mbuzi, kabisa, kama ndondo zetu za mtaani tunavyogombea mbuzi au jezi. Kutoka maeneo hayo ndo wametoka kina Salima Tete, Nikki Pradhan, Sangita Kumari. Na uwanja wenyewe umepewa jina la Jaipal Singh Munda, mtoto wa kule aliyekuwa kapteni wa India ilipochukua dhahabu yake ya kwanza ya hoki kwenye Olimpiki ya Amsterdam 1928. Kwa hiyo India wasingeweza kupata mahali pazuri zaidi pa kufuzu, wala pabaya zaidi pa kukosea.

Makundi yakawa mawili ya timu nne nne. La kwanza Ujerumani, Japani, Chile na Jamhuri ya Czech. La pili India, Marekani, New Zealand na Italia. Wawili wa juu kila kundi wanaenda nusu fainali, na hapa ndo fundo lenyewe lilipo, soma taratibu: ukishinda nusu fainali umefuzu. Palepale. Hata kabla ya fainali. Kwa hiyo fainali inachezwa na timu mbili ambazo zote zina tiketi mfukoni, wanagombea heshima na pointi za viwango vya dunia, wanacheza huku wanatabasamu. Waliopoteza nusu fainali ndo wanakutana kwenye ile mechi jamaa yangu aliyoicheka, na pale kuna tiketi moja tu iliyobaki mezani na watu wawili wameinyooshea mkono. Anayeshinda anaenda Paris sawasawa na bingwa, hakuna anayemuuliza ulipita mlango gani. Anayefungwa amecheza mechi tano, ameshinda pengine mbili au tatu, amefika nusu fainali, na anapata kilekile alichopata wa nane aliyefungwa kila siku. Ndo maana nasema bora ya nane. Wa nane alishalia Jumanne.

Sasa tuone India ilifikaje kwenye ile Ijumaa, maana haikuwa ajali ya siku moja.

Mechi ya kwanza, Jumamosi tarehe 13, walifungwa na Marekani 1-0, bao la Abigail Tamer mwanzoni tu mwa robo ya pili. Watu wakasema aah, ni mechi ya kwanza, wakawapiga New Zealand 3-1, wakawapiga Italia 5-1, wakafuzu nusu fainali, furaha. Lakini lile bao moja la Jumamosi lilikuwa bado linadai. Marekani walishinda mechi zao zote tatu wakawa wa kwanza, India wa pili, na wa pili wa kundi hili anakutana na wa kwanza wa kundi lile, yaani Ujerumani. Wangepata hata sare tu na Marekani, kwa magoli waliyokuja kufunga baadaye wangemaliza juu ya kundi na kukutana na Japani. Kwenye ligi ya miezi tisa bao la wiki ya kwanza unalisahau. Kwenye mashindano ya siku saba linakufuata mpaka mlangoni.

Nusu fainali Alhamisi tarehe 18 ilikuwa moja ya mechi nzuri nilizowahi kuona kwenye mchezo wowote. Deepika anafunga dakika ya 15, Charlotte Stapenhorst anarudisha dakika ya 27, halafu mambo yakakaza mpaka dakika ya 57 Stapenhorst huyohuyo akafunga la pili na ukajua imeisha, zimebaki dakika tatu (hoki ni robo nne za dakika 15, jumla 60). Dakika ya 59 Ishika Chaudhary akasawazisha. 2-2. Hakuna dakika za nyongeza kwenye hoki ya sasa, mnaenda moja kwa moja kwenye matuta.

Ila matuta ya hoki sio kama ya soka na nadhani ndo kitu ambacho mtu wa soka akikiona mara moja hakisahau. Mpira haupigwi kutoka kwenye doa. Mchezaji anaanzia kwenye mstari wa mita 23, kipa anaanzia kwenye mstari wa goli, filimbi inapigwa na wote wawili wanaachiwa, mchezaji ana sekunde 8 kufanya anachotaka, amzunguke kipa, arudi nyuma, amlambishe kapeti, kipa akiokoa na mpira ukamrudia anapiga tena almuradi sekunde hazijaisha. Watano kila upande, zikilingana wanaendelea mmoja mmoja mpaka mtu akosee. Kwa hiyo sio bahati kama wengi wanavyosema, ni pumzi na akili, na kipa ana nafasi kubwa kuliko kipa wa soka. India walikuwa na Savita Punia, kapteni wao wakati ule na mmoja wa makipa bora duniani kwa muda mrefu. Zikafungana baada ya watano, ikaja ile ya mmoja mmoja, Ujerumani wakashinda 4-3. Upande wa pili Marekani wakawafunga Japani 2-1. Ujerumani na Marekani wamefuzu, na ile fainali Wajerumani waliishinda 2-0 lakini sijui kama kuna mtu anaikumbuka.

Saa ishirini na kitu baadaye India wanarudi uwanjani na Japani. Dakika ya 6 tu Kana Urata anafunga kwa penalti kona. Dakika 54 zilizobaki ni India wanashambulia.

Niseme kidogo kuhusu penalti kona maana ndo iliyowaua, kwa kufungwa nayo na kwa kushindwa kuitumia. Kwenye hoki goli halihesabiki mpaka mpira uguswe na mshambuliaji ndani ya ile nusu duara mbele ya goli, watu wanaiita D kwa sababu ya umbo lake. Beki akifanya faulo ndani ya D, au akifanya faulo ya makusudi karibu na hapo, wanapewa penalti kona. Mpira unawekwa kwenye mstari wa nyuma mita 10 kutoka kwenye mlingoti, timu inayolinda inaruhusiwa kubaki na watu watano tu nyuma ya mstari, kipa mmojawapo, waliobaki wote wanapelekwa huko katikati ya uwanja wasubiri kama watoto waliotolewa nje ya darasa. Mmoja anausukuma mpira nje ya D, mwenzake anauzuia, wa tatu anaukokota kwa fimbo na kuurusha golini kwa kasi inayotisha, huku mabeki wanamkimbilia wamevaa maski za uso. Yote hayo ni kama sekunde mbili. Timu yenye mrushaji mzuri wa penalti kona inaweza kuzidiwa mchezo mzima na ikashinda, na timu isiyo naye inaweza kupata kona mpaka ikachoka. India siku ile walipata moja, nyingine, nyingine tena, hakuna iliyoingia. Vandana Katariya, mshambuliaji wao mzoefu, hakuwepo kabisa, alivunjika mfupa wa shavu kabla mashindano hayajaanza. Filimbi ya mwisho, 1-0, Japani wanaruka, na jamaa yangu anauliza wanalia nini.

Valencia wiki hiyohiyo ilikuwa hadithi ileile kwa majina mengine. Ubelgiji na Uhispania wakafika fainali wakafuzu, na mechi ya tatu wakakutana Uingereza na Ireland. Hapa kuna fundo dogo la pembeni. Sisi huku tunaita yote Uingereza tukamaliza, lakini kwenye hoki England, Scotland na Wales wanacheza kila mtu kivyake kwenye Kombe la Dunia na kombe la Ulaya, ikifika Olimpiki ndo wanaungana kuwa timu moja. Ireland wao timu yao ni ya kisiwa chote, kusini na kaskazini, na mchezaji wa Ireland ya Kaskazini anaweza kuchagua upande. Kwa hiyo mechi ile ilikuwa na mambo mengi zaidi ya hoki. Uingereza wakashinda 2-1. Ireland wa nne, kwaheri.

Na kwa wale ndugu zetu wa Muscat, ambao pengine waliyaona haya kwa macho, fungu moja la wanaume lilichezwa kwenu Januari hiyohiyo. Mechi ya tatu ikawa New Zealand na Pakistani. Pakistani, watu waliobeba dhahabu ya Olimpiki mara tatu, 1960, 1968 na 1984, wakafungwa 3-2. Wa nne.

Mtu atauliza, huu mfumo si wa kikatili sana, hakuna njia nyingine? Ipo na ilishatumika. Kwa Tokyo hawakufanya mashindano ya timu nane nane, walichukua timu 14 za wanawake wakazipanga jozi 7, kila jozi inacheza mechi mbili siku mbili mfululizo uwanja uleule, magoli yanajumlishwa, anayezidi anaenda. Hii ilikuwa mwishoni mwa 2019. Wengine wanasema ilikuwa ya haki zaidi kwa sababu unajua adui yako ni mmoja. Mimi naona ilikuwa ya kikatili zaidi, ila kwa haraka.

Chukua India na Marekani kule Bhubaneswar. Siku ya kwanza India 5-1. Watu wakalala wanajua tumemaliza. Siku ya pili ikifika mapumziko Marekani wanaongoza 4-0. Piga hesabu: 5-5 jumla. Uwanja umenyamaza kama msiba. Dakika ya 48 kapteni wao Rani Rampal, binti wa mvuta mkokoteni kutoka Haryana, akafunga. Mechi ikaisha 4-1 kwa Marekani na India wakafuzu kwa jumla ya 6-5, timu imefungwa mabao manne na inashangilia. Kocha wa Marekani siku ile alikuwa Mholanzi anaitwa Janneke Schopman, mwenye dhahabu ya Olimpiki ya 2008 kama mchezaji.

Shikilia hilo jina. Mwezi Januari 2020 Schopman akaenda kufanya kazi kwenye benchi la nani? La India, walewale waliomtoa. Baada ya Tokyo akawa kocha mkuu. Na Januari 2024, Ranchi, mechi ya kwanza, nani akamfunga 1-0? Marekani, timu yake ya zamani. Mwezi uliofuata akajiuzulu. Ungeandika hiyo kwenye tamthilia watu wangekwambia umezidisha.

Jozi nyingine ya 2019 ni Ireland na Kanada, Dublin, kwenye uwanja wa raga wa Donnybrook ambako walitandika kapeti la hoki, yaani nyasi bandia, kwa ajili ya wikiendi ile tu. Siku ya kwanza 0-0. Siku ya pili, mvua inanyesha, 0-0 tena. Dakika 120 hakuna bao. Matuta. Kanada wanaongoza 3-1 na unajua basi, Ireland hawajawahi kwenda Olimpiki ya hoki ya wanawake na hawataenda leo pia. Wakarudi. Kipa Ayeisha McFerran akaanza kuokoa, zikafika 3-3, ikaja ile ya mmoja mmoja na Roisin Upton akaenda kupiga huku mkono wake umevunjika kwenye kifundo, akafunga, 4-3. Kwa hiyo wakati Ireland wanalia Valencia 2024 walikuwa watu wanaojua pande zote mbili za huu mlango.

Sasa turudi nyumbani, maana najua kuna msomaji amekuwa akihesabu timu tangu mwanzo na kuna kitu amekiona. Zile timu 16 za Valencia na Ranchi: Ulaya 8, Asia 4, Amerika 3, Oceania 1. Jumlisha. Zimeshafika 16.

Afrika sifuri. Yaani kwa mwanamke wa Kiafrika anayecheza hoki mlango ulikuwa mmoja tu, ule wa Pretoria, tiketi moja, na mwenye nyumba ni Afrika Kusini ambaye ndiye mkubwa wa bara kwa mbali. Ukifungwa pale hakuna Ranchi ya kukimbilia. Mmarekani alifungwa na Argentina fainali ya Santiago akapata nafasi nyingine ya kujaribu Ranchi na akaitumia. New Zealand walifungwa na Australia wakapata nafasi nyingine, wakashindwa wenyewe. Wa pili wa Afrika hakupata. Hili sio la kulia njama, viwango vya dunia vinajulikana na pengo lipo, uwanja wa City Park pale Nairobi ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987 na nchi ngapi za ukanda wetu zina viwanja viwili vya kapeti la hoki la kiwango cha kimataifa? Lakini pengo hutalipunguza kwa kutokucheza. Kenya wanaume walikuwa wa nne Kombe la Dunia 1971 (nne tena, jamani!) na walienda Olimpiki mara saba, Tanzania wanaume walicheza Moscow 1980, Uganda walikuwa Munich 1972. Wanawake wa ukanda huu, Olimpiki ya hoki, hakuna hata mmoja mpaka sasa.

Na hata hiyo tiketi moja ilishawahi kukataliwa. Kuelekea Rio 2016 Afrika Kusini walikuwa mabingwa wa Afrika, wana haki ya kwenda, lakini kamati yao ya Olimpiki ilikuwa na msimamo kwamba kushinda Afrika hakutoshi, bara ni jepesi, mkitaka kwenda fuzuni kwa njia ya kimataifa. Wakairudisha nafasi. Ya wanaume ikaenda New Zealand, ya wanawake ikaenda Uhispania. Kwa hiyo Rio ikachezwa hoki bila Mwafrika yeyote, kwa uamuzi wa Waafrika wenyewe. Mimi hili halijawahi kuniingia akilini. Msimamo ulikuja kubadilishwa na wakaenda Tokyo na Paris, ila wale wasichana wa 2016 nani atawarudishia.

Nikisema Mwafrika kwenye hoki ya wanawake ya Olimpiki nazungumzia nchi mbili tu katika historia yote. Moja ndo hiyo Afrika Kusini. Nyingine ni Zimbabwe, na Zimbabwe hawakupita kwenye mashindano ya kufuzu yoyote. Hoki ya wanawake iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Moscow 1980, na Marekani na washirika wake wakasusia kwa sababu Wasovieti, wenyeji wa michezo, walikuwa wameivamia Afghanistan, timu zikajitoa karibu zote. Waandaaji wakaanza kutafuta wa kujaza nafasi. Zimbabwe ilikuwa na miezi michache tu ya uhuru, wakaitwa wiki chache kabla, wakakusanya wachezaji, wote weupe, ambao hawakuwa wamezoea kabisa kucheza kwenye nyasi bandia, nahodha wao Ann Grant, wakapanda ndege. Timu sita, kila mtu anacheza na mwenzake, hakuna nusu fainali hakuna nini. Tarehe 31 Julai wakawafunga Austria 4-1 na wakawa mabingwa wa Olimpiki bila kufungwa mechi hata moja.

Waliporudi Salisbury, ndo Harare ya leo, wachezaji wenyewe wamekuwa wakisimulia, kila mmoja aliahidiwa ng'ombe mzima. Kilichofika ni kifurushi cha nyama.